Plasta ya Maumivu na Haki ya Wafiwa

Mwezi wa Februari 2004 kampuni ya Janssen ya Marekani, iliyo chini ya Johnson & Johnson, ilitangaza kwamba toleo moja la plasta zake za kutuliza maumivu ziitwazo Duragesic, za kipimo cha mikrogramu 75 kwa saa, lilipaswa kuondolewa sokoni, kwa sababu baadhi ya plasta hizo hazikuzibwa sawasawa pembeni na dawa iliyomo iliweza kuvuja; na mwezi wa Aprili matoleo mengine yakaongezwa katika orodha ile. Tangazo hilo liliwafikia watu wa namna mbili. Wa kwanza walikuwa wagonjwa walio hai, ambao walifungua makasha yao, wakatazama namba ya toleo, wakarudisha kilichostahili kurudishwa, wakaendelea na maisha yao. Wa pili walikuwa wajane, wagane, wazazi na mayatima ambao mgonjwa wao alikwisha kuzikwa, nao walikuwa wameambiwa kwamba moyo wake ulisimama, au kwamba alizidisha dawa kwa mkono wake mwenyewe. Na sasa, mbele ya kasha lililosahauliwa kabatini, waliona kwa mara ya kwanza kwamba yamkini kifo kile kilikuwa na mtu wa kuulizwa.

Makala haya ni ya hao wa pili. Nia yangu ni kueleza ni msaada gani ambao sheria ya Marekani huwapa, na ni kwa sababu gani msaada huo, ambao kwenye karatasi ni mkubwa, huwaponyoka wengi kabla hata hawajaonana na wakili.

Fentanili, dawa iliyomo ndani ya plasta hizo, ni ya jamii ya afyuni, lakini haichumwi shambani. Iliundwa maabarani nchini Ubelgiji na tabibu Paul Janssen na wenzake yapata mwaka wa 1960, na nguvu zake hukadiriwa kuwa mara 50 hadi mara 100 ya nguvu za mofini. Kwa miaka mingi ilikuwa dawa ya chumba cha upasuaji, ikitiwa mshipani na mtaalamu aliyesimama kando ya mgonjwa akiangalia pumzi zake. Kampuni ya ALZA ya California ndiyo iliyobuni njia ya kuitoa chumbani humo na kuiweka juu ya ngozi ya mtu aliyelala nyumbani kwake pasipo tabibu wala muuguzi, na mwaka wa 1990 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ikaikubali plasta ya Duragesic iuzwe.

Plasta ya awali ilikuwa kifuko bapa chenye jeli ya fentanili iliyochanganywa na alkoholi. Juu yake ilikuwapo plastiki isiyopenyeka, na chini yake utando mwembamba uliopitisha dawa kidogo kidogo, kisha gundi ya kushika mwili. Mgonjwa aliibandika kifuani, mgongoni au mkononi, akakaa nayo saa 72. Dawa hupenya ngozi, hujikusanya katika mafuta yaliyo chini yake, na kutoka humo huingia katika damu polepole, hata yaweza kupita siku nzima au zaidi kabla haijafikia kilele. Na kwa sababu hiyo hiyo plasta ikibanduliwa kazi yake haikomi, bali huchukua saa 17 au zaidi kwa kipimo cha dawa katika damu kupungua nusu. Basi uhai wa mvaaji ulikuwa amana katika vitu viwili, utando na mshono wa pembeni. Mshono ukifumuka, jeli huigusa ngozi pasipo kupita katika utando, na dawa iliyokusudiwa siku tatu huweza kuingia mwilini kwa muda mfupi mno. Afyuni huua kwa kuzima pumzi, na huzizima kwa upole: mgonjwa husinzia, hukoroma mkoromo mzito, na aila yake hufurahi kumwona amepata usingizi baada ya mikesha mingi ya maumivu.

Mwezi wa Februari 2008 jambo lile lilijirudia kwa kiwango kikubwa zaidi. Plasta za mikrogramu 25 kwa saa zilizotengenezwa na ALZA, na kuuzwa kwa jina la Duragesic na pia kwa jina la kampuni ya Sandoz, zilirudishwa, jumla yake zikikadiriwa kuwa milioni 32, kwa kuwa baadhi yake zilikuwa na mkato ubavuni mwa kifuko cha jeli. Mwezi huo huo kampuni ya Actavis nayo ikaondoa sokoni plasta zake za fentanili. Katikati ya matukio hayo FDA ilikwisha kutoa tahadhari kwa umma mara mbili, Julai 2005 na Desemba 2007, ikiwakumbusha matabibu kwamba plasta hii haimfai mtu ambaye mwili wake haujazoea dawa za afyuni, wala maumivu ya siku chache baada ya kung'olewa jino au kupasuliwa, na kwamba joto, liwe la homa, la blanketi la umeme au la maji ya kuoga, huzidisha dawa inayoingia mwilini.

Sheria ya Marekani haikuwa na huruma kwa mnunuzi siku zote. Zamani mtu aliyedhuriwa na bidhaa alilazimika kuthibitisha uzembe wa mtengenezaji, maana yake aingie kwa hoja ndani ya kiwanda ambacho hajapata kukanyaga na kuonyesha ni nani aliyesinzia kazini. Mwaka wa 1963 Mahakama ya Juu ya California, kwa kalamu ya Jaji Roger Traynor, katika shauri la mtu aliyejeruhiwa na mashine ya kuchongea mbao aliyozawadiwa na mkewe, iliamua kwamba mtengenezaji anayetia sokoni kitu akijua kwamba kitatumiwa pasipo kukaguliwa, huchukua dhima ya madhara yanayotokana na ila iliyomo, hata kama uzembe wake haukuthibitishwa. Sababu yake ni kwamba ni insafu zaidi gharama ya madhara imwangukie aliyekitengeneza kuliko mtu aliyedhuriwa ambaye hana uwezo wa kujikinga. Miaka miwili baadaye Taasisi ya Sheria ya Marekani iliiandika kanuni hiyo katika mkusanyo wake wa sheria za madhara, na majimbo mengi yakaipokea. Naihesabu hukumu ile kuwa miongoni mwa hukumu adilifu kupita zote zilizotolewa nchini mle katika karne iliyopita, maana ilimtazama mwanadamu jinsi alivyo, mtu anunuaye kwa kuamini.

Kutokana na kanuni hiyo, aila iliyofiwa kwa sababu ya plasta yaweza kudai kwa njia tatu. Yaweza kusema kwamba plasta ile moja ilitoka kiwandani ikiwa na ila, imekatika au haikuzibwa. Yaweza kusema kwamba muundo wenyewe ulikuwa wa hatari, na hapa mawakili walikuwa na hoja nzito, kwa kuwa ilikuwapo plasta ya namna nyingine, isiyo na kifuko wala jeli, ambayo dawa yake imeyeyushwa ndani ya gundi yenyewe, hata hakuna cha kuvuja. Plasta ya namna hiyo ilikubaliwa Marekani mwezi wa Januari 2005 ikiuzwa na kampuni ya Mylan, na mwaka wa 2009 Duragesic yenyewe ikabadilishwa ikafuata muundo huo. Au yaweza kusema kwamba mgonjwa na tabibu hawakuonywa ipasavyo. Madai ya kifo nayo aghalabu huwa mawili ndani ya shauri moja: lile la marehemu mwenyewe kwa mateso aliyoyapata kabla ya kufa, ambalo husimamiwa na msimamizi wa mirathi, na lile la mke, mume, watoto au wazazi kwa riziki na maliwazo waliyopokonywa.

Kwamba njia hizi hupitika, mahakama zimekwisha kuonyesha. Mwaka wa 2007 juri ya mahakama ya shirikisho huko Florida iliamuru Janssen na ALZA zilipe dola milioni 5.5 kwa kifo cha kijana aliyekuwa amevaa Duragesic. Mwaka uliofuata juri ya Chicago iliipa aila ya mwanamke aliyekufa akiwa na plasta ya mikrogramu 75 zaidi ya dola milioni 16. Kampuni hizo zikakata rufaa, na mwaka wa 2011 mahakama ya rufaa ya Illinois ikaithibitisha hukumu ile. Mashauri mengine yalimalizwa kwa suluhu nje ya mahakama, na suluhu za namna hiyo kwa kawaida hufungwa kwa sharti la siri, hata jirani wa mfiwa hawezi kujua kama haki ilitendeka wala kwa kiasi gani.

Lakini hapa nataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo haki hupotea. Shauri la plasta huanza usiku ule ule wa msiba, nyumbani au ndani ya gari la wagonjwa, wakati ambapo hakuna hata mtu mmoja anayefikiria mahakama. Mhudumu wa gari la wagonjwa, akitimiza wajibu wake, huibandua plasta na kuitupa pamoja na pamba na glavu. Ndugu anayesafisha chumba cha marehemu hukusanya dawa zote na kuziteketeza, kwa sababu hataki kuziona tena. Zaidi ya hayo, maelekezo rasmi yenyewe huamuru kwamba plasta iliyotumika, ambayo bado huwa na dawa nyingi ndani yake, ikunjwe gundi kwa gundi na kutupwa chooni, tena yana sababu njema kabisa: mwaka wa 2012 FDA ilieleza kwamba tangu 1997 ilikuwa imepata habari za matukio 26 ya kudhurika kwa bahati mbaya, mengi yao ya watoto wachanga wasiozidi umri wa miaka 2, na kwamba 10 katika hao walikufa. Basi amri inayomlinda mtoto wa nyumba hiyo ndiyo inayofuta ithibati ya kifo cha mamaye. Kwa rai yangu hili ni jambo ambalo mamlaka ilipaswa kulifikiria zamani: yafaa pawe na utaratibu ambao plasta iliyokutwa juu ya mwili wa maiti haitupwi wala haifukiwi, bali huchukuliwa na mchunguzi wa vifo, hutiwa katika chombo kilichofungwa, na kuandikiwa jina, saa na mahali ilipokuwa imebandikwa.

Bila plasta, kilichobaki ni kasha lenye namba ya toleo, plasta ambazo hazijatumika, risiti ya duka la dawa, kumbukumbu za tabibu na damu. Damu nayo ina mabishano yake. Fentanili hupenda mafuta, na mtu akiisha kufa dawa iliyohifadhiwa katika misuli na viungo hutoka na kurudi katika damu, hususa karibu na moyo, hivi kwamba kipimo kilichochukuliwa siku ya pili chaweza kuwa kikubwa kuliko kile alichokuwa nacho marehemu alipokata roho. Mawakili wa kampuni wanalijua hilo na hulisema kwa ufasaha. Huongeza kwamba marehemu alikuwa mgonjwa wa moyo, au alikunywa dawa nyingine za usingizi, au alibandika plasta mbili mahali pa moja. Kwa hiyo mtaalamu mwangalifu huchukua damu ya mshipa wa paja, mbali na moyo, mapema iwezekanavyo, na aila ina haki ya kuomba uchunguzi wa maiti na kuuliza damu imetoka wapi. Najua ni vigumu kuwatajia wafiwa neno la kisu kabla ya kaburi, na ziko dini na mila zinazotaka maiti azikwe upesi. Lakini swali lisiloulizwa siku hiyo aghalabu halijibiwi tena.

Kuna dhulma nyingine ambayo haitokani na haraka ya msiba bali na uamuzi wa majaji. Mwezi wa Machi 2009 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la mwanamuziki wa Vermont aliyepoteza mkono kwa dawa ya kampuni ya Wyeth, ilisema kwamba kibali cha FDA hakimkingi mtengenezaji wa dawa ya jina asilia na madai ya kutoonya. Wengi walishukuru. Lakini Juni 2011, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba mtengenezaji wa dawa inayoiga ile ya asili, ambayo ndiyo nafuu, hawezi kudaiwa kwa kutoonya, kwa kuwa sheria ya shirikisho humlazimisha kunakili maonyo ya mwenzake neno kwa neno. Na Juni 2013, kwa kura 5 dhidi ya 4 tena, ikamwondolea na dhima ya muundo. Jaji Clarence Thomas, aliyeandika hukumu ya 2011, alikiri mwenyewe kwamba machoni pa waliodhurika tofauti hiyo haina mantiki kubwa. Natazama matokeo yake kwa masikitiko: wagonjwa wawili wenye ugonjwa mmoja, tabibu mmoja na dawa moja, mmoja amepewa kasha la Duragesic na mwingine amepewa la bei nafuu kwa sababu sheria za majimbo humruhusu mfamasia kubadilisha, na pengine humwamuru, wakifa wote wawili kwa sababu ya onyo pungufu, aila ya kwanza yaweza kusikilizwa, na ya pili hufungiwa mlango. Aghalabu ya pili ndiyo maskini. Bunge la nchi hiyo lina uwezo wa kuirekebisha sheria hii, na linapaswa kufanya hivyo. Hadi hapo, wenye kasha la bei nafuu wamebakiwa hasa na njia ile ya kwanza, ya plasta iliyotoka kiwandani imekatika au haikuzibwa, nayo ndiyo inayohitaji plasta yenyewe na namba ya toleo kuliko zote.

Habari za ada ya wakili hazihitaji maneno mengi. Katika mashauri ya namna hii wakili wa Marekani hapokei malipo ya mwanzo, bali huchukua fungu la fidia akishinda, kwa kawaida theluthi moja na mahali pengine hadi asilimia 40, pamoja na kurudishiwa gharama za wataalamu. Akishindwa, hapati ujira. Utaratibu huo humfungulia maskini mlango, ingawa pia humfanya wakili akatae shauri ambalo ithibati yake ni dhaifu, hata kama moyoni analiamini. Mtu aulize kabla ya kutia saini ni nani atakayebeba gharama shauri likianguka, na ajibiwe kwa maandishi.

Muda wa kufungua shauri ndio mkali zaidi. California, Texas na Illinois hutoa kwa kawaida miaka 2. Kentucky na Tennessee hutoa mwaka 1. Majimbo mengi huanza kuhesabu pale mfiwa alipojua au alipopaswa kujua chanzo cha kifo, lakini yako yaliyoweka ukomo usiovukwa, na kusubiri kwa kutegemea huruma ya jaji ni kujihatarisha. Nayataja majimbo hayo kwa makusudi, kwa maana huko Kentucky na Texas, kama ilivyo Ohio, Arizona na Iowa, wamehamia katika miaka hii Wakongomani wengi na ndugu zao wa Maziwa Makuu wasemao Kiswahili, na miongoni mwao wamo wazee wanaotibiwa maumivu ya saratani kwa maelekezo yaliyoandikwa Kiingereza. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya shirikisho imelazimishwa na sheria, tangu ile ya haki za raia ya mwaka 1964, isimbague mtu kwa asili yake, na kutokana na hiyo humpasa kumpatia mgonjwa mkalimani pasipo malipo. Mjukuu wa miaka 12 si mkalimani wa dawa ya afyuni. Aila ina haki ya kumkataa na kumdai mwenye ujuzi, tena wakati wa kuandikiwa dawa na si baada ya maafa.

Wako pia wanaodhani kwamba fidia yao imo katika yale mapatano makubwa ya dawa za afyuni, ambayo Johnson & Johnson iliyakubali mwaka wa 2022 kwa dola zisizozidi bilioni 5. Hayo yalihusu namna dawa hizo zilivyotangazwa na kuuzwa, na fedha zake zilikwenda kwa majimbo, wilaya na miji ili zitumike kupambana na uraibu. Hayalipi kifo cha mtu mmoja aliyevaa plasta yenye ila, na mwenye kuyangojea huenda akapitwa na muda wake.

Nisieleweke kwamba nailaumu dawa. Mtu aliyepata kumwuguza mwenye saratani ya mifupa hawezi kuilaumu. Uganda, tangu Dr Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa mwaka wa 1993, imeonyesha kwamba mofini ya maji, ya bei ndogo, yaweza kumpa mgonjwa wa kijijini mauti yenye staha, na katika sehemu kubwa ya Afrika adha yetu ni kukosa dawa hizi kuliko kuzidishiwa. Kwa sababu hiyo hiyo mtengenezaji anadaiwa uaminifu mkubwa: mgonjwa aliyekubali kubandikwa sumu juu ya ngozi yake, kwa ahadi kwamba itapimwa, amekabidhi kila kitu alichobakiwa nacho, na wala si tamaa wala uchoyo kwa watoto wake kuuliza mahakamani kama ahadi ile ilitimizwa.

Basi wewe uliye Marekani na una mgonjwa anayevaa plasta hizi, iandike leo namba ya toleo iliyo juu ya kasha. Ukiona plasta imelowa au inatoa jeli, usiibandike. Na jeli ikikugusa, nawa kwa maji matupu bila sabuni. Ukisikia mgonjwa anakoroma kuliko desturi yake na haamki upesi, bandua plasta na upige 911. Na likitokea lisiloombwa, usikunje wala usitupe chochote: mwambie mhudumu na mchunguzi wa vifo waihifadhi plasta, tia makasha katika chombo cha kufungwa mbali na watoto, omba nakala ya majibu ya damu, na uonane na wakili wa jimbo lako kabla mwezi haujaisha.